Timu za kuogelea za majira ya joto Marekani: Mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua

Kila mwaka mwishoni mwa Mei, mabwawa ya kuogelea ya wazi katika miji mingi ya Marekani hufunguliwa. Mengi hufunguliwa wikendi ya Memorial Day, sikukuu ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ambayo huangukia Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo. Hapo ndipo unapoanza pia msimu wa timu za kuogelea za watoto na vijana. Katika maeneo mengi msimu huo ni mfupi, wiki chache tu, na humalizika mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani, ziwe zimetoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au Nairobi, ni rahisi timu hizi kupita bila kuonekana. Usajili hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya joto kuanza, tangazo huja kwa barua pepe iliyojaa maneno mageni, na familia inapoelewa linahusu nini nafasi zimekwisha. Katika makala hii tunaeleza timu hizo ni nini, nani anaweza kujiunga, mtoto anaandaliwaje kwa mashindano, na mzazi anatarajiwa kufanya nini.

Timu hizi ni za namna gani?

Kuna aina mbili kubwa za timu za kuogelea kwa watoto nchini Marekani. Ya kwanza ni klabu zinazofanya mazoezi mwaka mzima, ambazo nyingi ziko chini ya USA Swimming, chombo kinachosimamia mchezo huo kitaifa. Ya pili ni timu za majira ya joto, ambazo ni za mtaa. Kila bwawa la mtaa huwa na timu yake, na timu za eneo moja huunda ligi.

Ligi mojawapo kubwa ni Northern Virginia Swimming League, iliyoanza mwaka 1956 katika vitongoji vya Virginia vilivyo karibu na Washington, na ambayo sasa ina timu zaidi ya 100. Ng'ambo ya mto Potomac, katika jimbo la Maryland, kuna Montgomery County Swim League. Katika ligi hiyo ya pili ndiko alikoanzia Katie Ledecky, akiwa na umri wa miaka 6, katika bwawa la mtaa la Palisades. Mwaka 2012 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini London akiwa na miaka 15, na hadi michezo ya Paris ya 2024 alikuwa amefikisha medali 9 za dhahabu.

Hata hivyo, watoto wengi wa timu hizi hawaendi Olimpiki, wala si lengo lao. Timu ya majira ya joto humkusanya mtoto wa miaka 5 anayeogelea kwa kuhangaika na kijana wa miaka 18 mwenye kasi kubwa, wote wakivaa rangi moja na kushangiliana. Kwa mtoto aliyehamia karibuni, shule ikiwa imefungwa na marafiki ni wachache, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kwa nini jambo hili ni zaidi ya mchezo

Kwa mujibu wa kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, CDC, kufa maji ndiyo sababu inayoongoza ya vifo vya watoto wa miaka 1 hadi 4 nchini humo. Takwimu za kituo hicho zinaonyesha pia kwamba watoto weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha zaidi ya mara 7 ya kile cha watoto weupe wa umri huo.

Tofauti hiyo ina historia yake. Kwa miongo mingi Wamarekani weusi walizuiwa kuingia mabwawa ya umma, au walitengewa siku na sehemu zao. Mabwawa ya umma yalipoanza kulazimishwa na mahakama kupokea watu wote, familia nyingi za weupe zilihamia klabu binafsi za vitongojini, zile zile zilizoanzisha timu nyingi za majira ya joto.

Kesi mbili zilizofika Mahakama ya Juu ya Marekani zilitoka katika vitongoji hivyo hivyo vya Washington. Ya kwanza ni ya mwaka 1969, Sullivan dhidi ya Little Hunting Park. Paul Sullivan, Mmarekani mweupe wa Kaunti ya Fairfax huko Virginia, alimpangisha nyumba yake T. R. Freeman, Mmarekani mweusi, na kumkabidhi uanachama wa bustani na bwawa la mtaa uliokwenda na nyumba hiyo. Uongozi ulimkataa Freeman kwa sababu ya rangi yake, na Sullivan alipolalamika alifukuzwa uanachama. Ya pili ni ya mwaka 1973, Tillman dhidi ya Wheaton-Haven, kutoka Maryland, ambapo klabu ya bwawa iliwakatalia watu weusi uanachama na hata kuingia kama wageni. Katika kesi zote mbili mahakama iliwapa haki waliokataliwa, ikitumia sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1866.

Leo mtoto wa rangi yoyote anaweza kuandikishwa katika timu ya mtaa wake. Lakini mzazi aliyenyimwa bwawa utotoni hakujifunza kuogelea, na asiyejua kuogelea mara nyingi huwazuia watoto wake wasikaribie maji. Wahamiaji nao hujikuta katika hali hiyo hiyo kwa njia nyingine. Aliyekulia kando ya Ziwa Kivu au Ziwa Tanganyika anayajua maji na kuyaogopa kwa sababu nzuri, kwa kuwa amekwisha kuzika watu waliozama. Woga huo tunauheshimu. Lakini katika nchi yenye mabwawa nyuma ya nyumba, kwenye majengo ya kupanga na hotelini, kumkataza mtoto asikaribie maji hakumlindi siku atakapoteleza na kutumbukia. Kinachomlinda zaidi ni kujua kuogelea, na kuwa na mtu mzima anayemtazama.

Je, mtoto lazima awe anajua kuogelea?

Ndiyo, kwa kiasi. Timu nyingi zinamtaka mtoto aweze kuvuka urefu wa bwawa, yaani mita 25 au yadi 25, bila kushika kamba wala ukuta na bila boya. Si lazima aogelee vizuri. Kocha hufanya jaribio fupi siku za mwanzo, na asiyefaulu huelekezwa kwenye masomo au kwenye kikundi cha maandalizi cha watoto wadogo, ikiwa timu inacho.

Kwa asiyejua kabisa, mahali pa kuanzia ni masomo ya kuogelea. Idara za bustani na burudani za miji, matawi ya YMCA, na mabwawa yanayotumia mtaala wa Msalaba Mwekundu wa Marekani hutoa masomo kwa ngazi, na mengi huendelea wakati wa baridi katika mabwawa ya ndani. Mtoto akianza Oktoba au Novemba anaweza kuwa tayari kwa timu Mei inayofuata.

Msalaba Mwekundu una kipimo cha ujuzi wa msingi wa majini ambacho kila mzazi angefaa kukijua, timu au hakuna timu. Mtu anapaswa kuweza kufanya mambo matano kwa mfululizo: kuingia katika maji yanayomzidi kimo, kurudi juu na kuelea au kukanyaga maji kwa dakika moja, kugeuka mzunguko mzima na kutambua mahali pa kutokea, kuogelea yadi 25 hadi hapo, na kutoka majini bila kutumia ngazi. Mtoto anayeweza yote matano ana msingi mzuri wa kujiunga na timu.

Mahali pa kujiandikisha, na gharama

Swali la kwanza ni bwawa lipi. Kuna manne ya kuulizia.

Bwawa la mji au kaunti. Huwa wazi kwa wakazi wote, na mara nyingi ndilo nafuu kuliko mengine.

Bwawa la YMCA au kituo cha jamii. Hapa kuna ada ya uanachama, lakini matawi mengi ya YMCA hupunguza ada kulingana na kipato. Punguzo hilo huombwa kwa fomu, na huambatana na uthibitisho wa mapato.

Bwawa la mtaa wa nyumba zenye jumuiya ya wamiliki. Familia inayopanga katika mtaa wa namna hiyo huenda ina haki ya kutumia bwawa bila kujua, kwa sababu mara nyingi haki hiyo huhamia kwa mpangaji. Soma mkataba wako wa nyumba au muulize mwenye nyumba. Haki ya mpangaji kutumia bwawa la mtaa ndiyo hasa iliyokuwa kiini cha kesi ya Sullivan.

Klabu binafsi. Nyingine zina orodha ya kungojea ya miaka kadhaa na ada kubwa, lakini zipo zinazouza uanachama wa msimu mmoja.

Juu ya ada ya bwawa kuna ada ya timu yenyewe. Timu nyingi hupunguza ada kwa mtoto wa pili na wa tatu, na nyingi zina fungu dogo la kuwafadhili wasioweza kulipa, hata kama halikutangazwa. Mtu wa kuuliza ni mwakilishi wa timu, mzazi wa kujitolea ambaye jina lake huwa kwenye tangazo la usajili. Kuuliza jambo hili si kuomba sadaka, na huyo mwakilishi amekwisha kuulizwa na wengine.

Vifaa ni vichache: nguo ya kuogelea inayobana mwili, miwani ya maji, kofia ya kuogelea kwa mwenye nywele ndefu, na taulo mbili. Nguo rasmi ya timu mara nyingi si lazima. Uliza pia kama timu ina siku ya kubadilishana nguo zilizowabana watoto wengine, maana watoto hukua na nguo hubaki nzima.

Wakati wa kujiandikisha utaombwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Makundi ya kawaida ya umri ni miaka 8 na chini, 9 hadi 10, 11 hadi 12, 13 hadi 14, na 15 hadi 18. Ligi hutumia tarehe moja ya kuhesabia, mara nyingi Juni 1, na umri wa mtoto siku hiyo ndio utakaotumika msimu mzima. Kwa familia za wakimbizi ambazo hati zao zote zimeandikwa Januari 1, ligi itafuata tarehe ya hati.

Mazoezi

Shule zikiwa bado hazijafungwa, mazoezi huwa jioni. Zikifungwa, huhamia asubuhi, siku tano kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja na nusu kulingana na umri. Si lazima mtoto aje kila siku, lakini anayekuja mara mbili kwa wiki hatapata maendeleo ya anayekuja mara nne.

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu. Maji ya asubuhi ni baridi, miwani inavuja, na mtoto anawaona wenzake wakimpita. Wengi husema hawarudi. Ushauri wa makocha wengi ni kumwomba mtoto amalize wiki mbili kabla ya kuamua, kwani kufikia hapo mwili umezoea na majina ya wenzake ameyajua.

Mitindo minne, na makosa yanayomwondoa mtoto

Mashindano hutumia mitindo minne. Katika mtindo huru mtoto anaweza kuogelea atakavyo, na karibu wote huogelea kifudifudi wakipokezana mikono. Mtindo wa mgongo huogelewa chali. Mtindo wa kifua, ambao wengi huuita wa chura, huenda kwa mikono na miguu inayofunguka na kufunga pamoja. Katika mtindo wa kipepeo mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja juu ya maji, na miguu hupiga kama mkia wa samaki.

Watoto wa miaka 8 na chini huogelea urefu mmoja wa bwawa. Wakubwa huogelea mara mbili, yaani 50. Kuna pia mbio za mchanganyiko, ambapo mtu mmoja huogelea mitindo yote kwa utaratibu wa kipepeo, mgongo, kifua, kisha huru. Katika mbio za kupokezana za watu wanne zenye mitindo yote utaratibu ni mgongo, kifua, kipepeo, kisha huru. Mgongo hutangulia kwa sababu mwogeleaji wake huanzia ndani ya maji, na angeanza baadaye angemzuia mwenzake anayemaliza.

Mwamuzi akiona kosa huinua mkono, na mwogeleaji huyo hahesabiwi katika mbio hizo. Utasikia wakisema herufi mbili, DQ. Makosa ya kawaida kwa watoto ni haya:

Katika kifua na kipepeo, kugusa ukuta kwa mkono mmoja. Lazima mikono yote miwili iguse kwa pamoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza.

Katika kifua, kupiga miguu kama mkasi badala ya kuifungua sawasawa.

Katika mgongo, kugeuka kifudifudi kabla ya kugusa ukuta mwishoni. Bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji, mita 5 au yadi 5 kutoka ukutani, zipo ili mtoto ahesabu mikono iliyobaki bila kugeuka kutazama.

Katika mtindo huru, kutembea chini au kujivuta kwa kamba. Kusimama kidogo ili kupumua au kurekebisha miwani hakumwondoi mtoto, mradi asipige hatua wala kujisukuma kwa miguu kutoka sakafuni. Hili ni jambo zuri la kumwambia mtoto mwoga kabla ya mbio zake za kwanza.

Mtoto akiondolewa, mwambie kosa ni lipi na kwamba kocha atalirekebisha Jumatatu. Kila mwogeleaji mkubwa aliye katika timu hiyo amewahi kuondolewa.

Mashindano yanavyopangwa

Kabla ya mashindano ya kwanza kuna majaribio ya muda. Kila mtoto huogelea na kupimwa ili kocha apate namba za kuanzia. Baada ya hapo, kila wiki timu mbili hukutana, kwa kawaida Jumamosi asubuhi.

Katika ligi nyingi mashindano ya Jumamosi huhesabiwa pointi na huchukua waogeleaji wenye kasi zaidi tu, kwa mfano watatu wa kila timu katika kila mbio. Katika mfumo unaotumika Northern Virginia, mshindi wa kwanza hupata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Wengine huogelea jioni moja ya siku za kazi, katika mashindano ya kuboresha muda. Mzazi asidhani hayo ni ya walioshindwa. Ndiyo yanayompa mtoto mpya nafasi ya kujaribu mitindo yote, na ndiyo yanayomvusha kwenda Jumamosi.

Msimu mzima swali linaloulizwa ni je, ameshinda muda wake wa wiki iliyopita? Mtoto anaweza kuwa wa sita na akatoka majini akicheka kwa sababu amepunguza sekunde 3. Andika muda wake kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Zingatia tu kwamba yadi 25 ni kama mita 23, hivyo muda wa bwawa la yadi haulinganishwi moja kwa moja na wa bwawa la mita.

Siku moja kabla

Orodha ya waogeleaji hutangazwa siku chache kabla. Ikiwa mtoto hatakuwepo, mwambie kocha mapema kadiri inavyowezekana. Mbio za kupokezana zinahitaji watu wanne, na mmoja asipofika watatu wengine hawaogelei.

Chakula cha jioni kiwe kile ambacho tumbo la mtoto limekizoea: wali, ugali, viazi au tambi, na mboga. Si siku ya kujaribu chakula kipya. Asubuhi inatosha kitu chepesi saa moja na nusu hadi mbili kabla ya mbio, kama uji, mkate, au ndizi mbivu. Chapati au maandazi yenye mafuta mengi yasubiri mchana.

Pakia begi usiku: nguo ya kuogelea, miwani miwili kama ipo, kofia, taulo, shati la kujifunika, krimu ya kuzuia jua, maji ya kutosha, matunda, viti vya kukunja, na kalamu ya wino usiofutika kwa maji.

Siku yenyewe

Kalamu hiyo ina kazi. Mtoto huandikiwa mkononi jedwali dogo lenye herufi E, H na L. Chini ya E ni namba ya mbio, chini ya H ni kundi lake katika mbio hizo, na chini ya L ni njia atakayoogelea. Mtoto asiyejua Kiingereza vizuri akiweza kusoma namba tatu hizo na kuzilinganisha na ubao, hatapotea. Watoto wadogo hukusanywa kwenye mabenchi na wazazi wa kujitolea na kupelekwa mahali pa kuanzia.

Utaratibu wa kuanza ni wa filimbi. Filimbi fupi kadhaa zinawaita waogeleaji wajiandae. Filimbi ndefu inawaambia wapande kwenye kibao cha kuanzia au wasimame ukingoni. Kwa mbio za mgongo inawaambia waingie majini, na ya pili inawaambia warudi ukutani. Kisha mwanzishaji anawaambia wakae tayari, kila mtu anatulia bila kutikisika, na mlio wa mashine unawaachia. Wafundishe jamaa waliokuja kushangilia wanyamaze kuanzia filimbi ndefu hadi mlio huo.

Washindi hupewa utepe. Marekani utepe wa bluu ni wa kwanza, mwekundu wa pili, mweupe wa tatu.

Kazi ya mzazi

Timu hizi huendeshwa na wazazi. Makocha hulipwa, lakini wapima muda, waamuzi, wapangaji na wauza vinywaji wengi ni wazazi wa kujitolea. Karibu kila timu hudai kila familia ifanye kazi kwa idadi fulani ya mashindano, na baadhi hutoza fedha kwa familia isiyotimiza. Soma sharti hilo kabla ya kutia saini.

Kwa mzazi ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo, kazi nzuri ya kuanzia ni kupima muda. Unasimama mwisho wa njia moja ukiwa na saa ya mkononi. Mashine ya kuanzia ikitoa mwanga unabonyeza, mtoto akigusa ukuta unabonyeza tena, na mwenzako anaandika. Mafunzo yake ni ya dakika chache, na utaona mbio zote kwa karibu kuliko mtu yeyote.

Anayefanya kazi ya zamu usiku au Jumamosi aseme mapema. Zipo kazi za jioni, za kupanga vifaa, za kufua taulo, na familia nyingi hupeana lifti za watoto.

Nywele, mavazi na staha

Kwa nywele zilizosukwa au za asili, ziloweshe kwa maji safi na kuzipaka mafuta kabla ya kuvaa kofia, ili zisinywe klorini nyingi, kisha zioshwe mara baada ya mazoezi. Kofia kubwa zinazotosha rasta na nywele nyingi zipo. Mwaka 2021 shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilikataa kuidhinisha kofia za kampuni ya Uingereza ya Soul Cap, likakosolewa sana, na mwaka 2022 likaziidhinisha.

Msichana anayevaa vazi la kuogelea linalofunika mwili kwa sababu za dini aongee na kocha tangu usajili, ili ruhusa ya ligi, ikihitajika, ipatikane kwa maandishi kabla ya mashindano. Asiachwe agundue tatizo akiwa tayari ukingoni.

Usalama

Mtoto asiruke kichwa kabla kocha hajamfundisha na kumruhusu. Kanuni za USA Swimming hutaka kina cha angalau futi 4 kwa kuruka kutoka kwenye kibao, na sehemu ya kina kifupi huanzwa kutoka ndani ya maji.

Radi ikisikika, kila mtu hutoka majini, na mashindano hayaendelei hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Muulize mwakilishi wa timu maswali mawili bila haya: je, makocha wamechunguzwa rekodi zao, na nani anasimamia vyumba vya kubadilishia nguo? Timu nzuri ina majibu tayari. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, awe kocha au mzazi mwenzako.

Mwisho, hatari kubwa siku ya mashindano haiko kwenye njia za mbio, ambako kuna macho mengi. Iko kwenye bwawa dogo la pembeni, ambako mdogo wake mwogeleaji anacheza huku watu wazima wote wakitazama upande wa pili. Kufa maji huwa kimya, na huchukua dakika chache. Kwa hiyo familia ikifika, kabla ya kufungua viti, teueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama huyo mdogo, bila simu mkononi, na apokewe na mwingine baada ya muda. Ikiwa huyo mdogo amefikia umri wa kujifunza, mwandikisheni masomo mwezi wa Septemba, ligi ikiwa imekwisha na nafasi zikiwa bado zipo.